Kuvuta tela la kulala kutoka Arusha hadi Ziwa Natron: kinachovunjika, na kwa nini

Tela likifika Ngare Sero, kijiji kilicho kando ya Ziwa Natron, likiwa zima, ujue kazi ilifanyika Arusha wiki moja kabla, kwenye uwanja wa fundi, magurudumu yakiwa yamevuliwa. Hapo ndipo tunaanzia. Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulio jirani na ziwa, kila mtu ameshauona kwenye picha. Beringi iliyokauka grisi hakuna anayeipiga picha, na ndiyo inayowalaza watu porini.

Tunazungumzia tela la aina inayochomelewa sana huku kwetu: chasisi ya chuma cha mraba, ekseli moja, springi za majani, sanduku la jiko nyuma na hema la kukunjua juu. Likijazwa linafika kilo 900 hivi. Gari la kulivuta ni Land Cruiser ya dizeli, hasa ile ya injini ya 1HZ, au Hilux yenye afya. Karavani ndefu nyeupe kama zile Waaustralia wanazovuta kwenye Stuart Highway, lami ya zaidi ya kilomita 2,700 kutoka Port Augusta hadi Darwin, huku zingefumuka kuta kabla ya Engaruka, kijiji kilicho njiani. Hata wao wakishika njia za vumbi kama Gibb River Road, yenye kilomita 660 hivi, wanaojua kazi huchukua tela fupi lenye chasisi nzito. Adui wao ni yule yule wetu: mawimbi ya barabara, vumbi na umbali.

Anza na beringi. Kila gurudumu la tela lina beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje, na kila moja ina koni yenye vibiringo na kikombe kilichogongelewa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Vua habu, osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, kisha tazama vikombe kwenye mwanga wa jua. Ukiona madoa ya kijivu, vijishimo au mistari inayokwama kwenye ukucha ukiupitisha, badilisha koni pamoja na kikombe chake. Koni mpya juu ya kikombe kichakavu haidumu. Andika namba iliyopigwa kwenye chuma, mfano LM67048, kwa sababu dukani ukipeleka maelezo ya mdomo utarudi na kitu kinachofanana tu. Nunua seti moja ya ziada pamoja na oili sili yake, ule mpira unaozuia grisi isitoke, uifunge kwenye mfuko wa nailoni, uiweke kwenye boksi la spana.

Kupaka grisi kuna namna yake. Weka bonge la grisi ya beringi kwenye kiganja cha kushoto, shika koni kwa mkono wa kulia, kandamiza upande wake mpana kwenye ukingo wa bonge, mara kwa mara, hadi grisi itokeze upande wa pili katikati ya vibiringo kama uji mzito. Zungusha kidogo, rudia, hadi umalize duara. Kuipaka juu juu kwa kidole ni kuidanganya beringi: inang'aa nje, ndani ni kavu. Ukirudisha habu, kaza nati ya ekseli huku unalizungusha gurudumu ili vibiringo vikae, kisha legeza, kisha kaza tena kwa vidole tu na upitishe spliti pini mpya. Ikibana sana, beringi inapata moto na grisi inayeyuka na kutoka. Ikilegea sana, gurudumu linacheza na vibiringo vinagongana na kikombe kwenye kila wimbi. Shika tairi juu na chini, litikise: mchezo mdogo mno, wa kusikika zaidi kuliko kuonekana, unatosha.

Habu na rimu zifanane na za gari. Land Cruiser za mfululizo wa 70 za miaka ya karibuni zina nati 5 kwenye duara la milimita 150. Hilux nyingi na Cruiser za zamani zina nati 6 kwenye duara la milimita 139.7. Ukimwambia fundi tangu mwanzo achomelee ekseli yenye habu kama za gari lako, spea mbili zinakutosha kwa magurudumu sita. Ukikubali habu yoyote iliyopatikana, itabidi ubebe spea za aina mbili, na siku ya pancha ya pili utaona uzito wa kosa hilo.

Springi ndizo za pili kwa kuvunjika. Jani kuu hukatika karibu na jicho au pale katikati inapopita senta bolti. Mara nyingi chanzo ni yubolti zilizolegea, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli: majani yanaanza kusuguana na kusogea, senta bolti inabeba mzigo usio wake, inakatika, na ekseli inasogea nyuma upande mmoja. Ukiwa kwenye usukani utaona kwenye kioo tela linatembea kimshazari kama mbwa. Yubolti mpya hulegea zenyewe baada ya kilomita mia za kwanza, kwa hiyo zikazwe Mto wa Mbu kabla ya kuacha lami. Nati za magurudumu nazo hivyo hivyo. Beba jani kuu moja, senta bolti mbili, yubolti mbili na nati zake. Jani likikatika na huna spea, chonga kipande cha mti mgumu chenye urefu wa nafasi iliyopo kati ya ekseli na chasisi, kifunge kwa mipira ya tyubu, ile ile watu wanayofungia mizigo kwenye baiskeli, na uende kwa mwendo wa mtu anayetembea. Itakufikisha kijijini.

Sasa mzigo. Kichwa cha tela kinatakiwa kukandamiza gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Tela la kilo 900, kichwa kilo 90. Kupima si kazi: simamisha tela kwenye ardhi tambarare, weka kichwa juu ya gogo fupi lililosimamishwa kwenye mizani ya magunia, kwa urefu ule ule linapofungwa kwenye gari. Likiwa na kilo 40, kwenye lami ya Makuyuni ukifika mwendo wa 80 litaanza kutikisa mkia, na kila mtikisiko utakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Hapo usikanyage breki kwa nguvu; achia mafuta, shika usukani sawasawa, acha gari lipungue lenyewe. Dawa ya kudumu ni kupanga upya. Maji yakae juu ya ekseli, vyuma na makopo chini na mbele kidogo, na spea isining'inie nyuma kabisa ya tela hata kama panaonekana pana nafasi nzuri. Kitu kizito kikikaa mbali na ekseli kinafanya kazi ya nyundo.

Kiungo cha tufe la chuma la milimita 50 kinatosha barabarani, lakini kwenye makorongo hakina nafasi ya kujipinda. Gari likiwa limeinamisha pua kwenye mteremko na tela likiwa bado juu limelala upande, kiungo hicho kinabanwa hadi kikombe kinapanuka au kinachomoka. Ndoano na pete, au kiungo kinachozunguka pande zote, ndicho cha kuweka. Minyororo ya usalama miwili, ipishane kama msalaba chini ya kiungo, ili kichwa kikianguka kiangukie minyororo na si ardhi.

Safari yenyewe. Kutoka Arusha hadi Makuyuni ni kama kilomita 80 za lami kwenye barabara ya Dodoma, unakata kulia, kilomita 37 hivi nyingine na uko Mto wa Mbu. Toka saa 12 asubuhi. Mto wa Mbu fanya mambo manne kabla ya kununua ndizi: jaza dizeli, kaza nati, punguza upepo, gusa habu.

Dizeli kwanza. Kutoka hapo hadi Ngare Sero na kurudi, pamoja na mizunguko ya kwenda ziwani, hesabu kilomita 300 za njia mbaya. Cruiser inayovuta tela kwenye vumbi na mchanga hesabia lita 20 kwa kila kilomita 100, yaani lita 60. Ongeza theluthi kwa kupotea, kurudi nyuma na kuchimbuka kwenye mchanga: lita 80. Tangi la lita 90 likiwa limejaa linatosha, na dumu moja la lita 20 ni la usingizi mzuri. Wanaojaza Arusha na kupita Mto wa Mbu bila kusimama huwa wameshatumia lita 16 au zaidi kabla hawajaanza.

Upepo ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Tairi za 7.50R16 zinazopewa upepo wa psi 45 kwenye lami zishushwe hadi 30 hivi kwenye mawe na mawimbi, na hadi 18 au 20 kwenye mchanga mzito wa makorongo. Za tela zishuke pamoja na za gari. Watu hulegeza za gari na kuacha za tela ngumu kama jiwe, halafu wanashangaa kwa nini sufuria zimetoboka na taa zimekatika waya. Tairi ndiyo springi ya kwanza. Ila tairi laini ikikimbizwa inapata moto ubavuni na kupasuka, kwa hiyo ukishusha upepo, shusha na mwendo. Bila kompresa ya kujazia tena, usishushe chini ya 25.

Mawimbi yale, kama bati la mgongo, yanatokana na magurudumu yenyewe. Udongo mkavu usioshikana ukipitiwa na magurudumu yanayorukaruka, kila gurudumu linasukuma kidogo na kudondoka mbele kidogo, na linalofuata linadondokea pale pale. Kuna mwendo, 70 hivi, ambapo gari tupu linaruka juu ya vilele na safari inakuwa laini. Madereva wengi huupenda. Ukiwa na tela, usiutafute. Magurudumu yanayoruka hayashiki breki wala kona, na shokapu za tela zinachemka hadi oili inakuwa povu na kuacha kuzuia chochote. Kuanzia hapo springi inabeba kila kitu peke yake. Sisi tunasema 35 hadi 45, na uvumilivu.

Na kila saa moja, simama. Teremka, piga goti, weka kiganja kwenye habu ya kushoto ya tela, kisha ya kulia. Vuguvugu ni sawa. Joto la kukuruhusu kuhesabu hadi tano ukiwa umegusa bado linavumilika, mradi pande mbili zilingane. Ukitoa mkono kabla ya tatu, au upande mmoja ukiuzidi mwingine wazi wazi, beringi inakuambia kitu: imebana, imekauka, au breki inashika. Inua gurudumu, lizungushe, sikiliza. Mkwaruzo kama wa kusaga mahindi ni vibiringo vilivyoanza kumomonyoka. Ukiibadilisha hapo ni kazi ya saa moja kivulini. Ukiendelea kilomita 30 nyingine, inajichomelea kwenye ekseli, gurudumu linatoka, na hapo unahitaji lori. Baada ya habu, gusa shokapu, tazama kama oili inavuja. Gusa tairi ubavuni. Pitisha jicho kwenye springi. Dakika tano.

Ukisimama, wachungaji watakuja. Salimia: kwa moran "sopa" inatosha naye ataitikia "epa"; kwa mzee, shikamoo. Mwulize yeye kuhusu korongo lililo mbele, kwa kuwa kalipita asubuhi na ng'ombe. Ng'ombe wakiwa barabarani zima mwendo, usipige honi. Njia hii inapita wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro na ina mageti ya ushuru zaidi ya moja. Beba fedha taslimu, kwa kuwa mtandao hukatika, na tunza stakabadhi zote hadi urudi.

Makorongo ni kwa macho na miguu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tela libaki nyumbani: udongo mweusi unajaza tairi hadi zinakuwa laini kama sabuni, na maji yanashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro ilhali pale ulipo jua linawaka. Vuli nayo, ikishika, ni hivyo hivyo. Korongo likiwa na maji, tembea kwanza na fimbo. Yakizidi goti au yakiwa na nguvu ya kukuyumbisha, kaa ng'ambo hii hii. Mara nyingi yanapungua ndani ya saa chache. Habu iliyotoka kwenye mwendo ikizamishwa maji baridi inavuta maji ndani kupitia oili sili, kwa hiyo pumzika robo saa kabla ya kuvuka.

Vumbi la upande wa Lengai ni unga mwepesi, mwingine wake majivu ya mlima wenyewe, yale ya milipuko ya 2007 na 2008 yakiwemo. Mlima huu, mita 2,962, ndio pekee duniani unaojulikana kutema siku hizi lava ya kaboneti ya sodiamu, yenye joto la nyuzi 500 na kitu, inayotoka nyeusi na kupauka kuwa nyeupe ikikutana na unyevu. Kwa gari, maana yake ni chujio la hewa kukung'utwa kila jioni, kwa kugonga taratibu. Usilipulizie upepo wa kompresa kutoka nje kwenda ndani. Kwa tela, elewa hivi: likienda, hewa nyuma yake inakuwa nyepesi na kuvuta vumbi kupitia kila ufa wa mlango. Kuziba mipira ya milango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutoboa tundu dogo la hewa mbele juu, lenye chujio la sponji, lielekee tunakoenda, ili hewa safi iingie kwa nguvu na kusukuma vumbi nje. Waaustralia wanafanya hivi, na inafanya kazi Engaruka kama inavyofanya kazi kwao.

Mawe yanayorushwa na tairi za nyuma za gari hupiga uso wa tela na kurudi kuvunja kioo cha nyuma cha gari. Tundika turubai nene au zulia kuukuu mbele ya tela, lilegee kidogo ili limeze pigo. Chini ya madumu na mtungi wa gesi wa kilo 6 weka vipande vya mpira wa tairi, vile vya kutengenezea katambuga. Bila hivyo dumu linasuguliwa na bati hadi linatoboka kwa siku moja.

Maji ya kunywa yatoke Arusha au Mto wa Mbu. Watu wanne kwa siku tatu: lita 5 za kunywa na 5 za kupika na kunawa kwa kila mtu kwa siku, jumla lita 120, madumu sita, la saba ni la rejeta. Ziwa lipo kwenye mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, Arusha iko 1,400, na joto la mchana chini kule linafika 40. Maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi, ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua, floraidi inabaki, inazidi kuwa nzito. Mkaa wa mifupa unaipunguza, chujio la kawaida la kauri haliipunguzi.

Kwa friji ya tela, betri ya Ah 100 na sola ya wati 150. Kosa la kawaida ni waya mwembamba kutoka kwenye gari. Waya wa milimita za mraba 6, mita 8 kwenda na 8 kurudi, ukipitisha ampia 20 unapoteza karibu volti 1, na betri ya tela haijai hata ukiendesha siku nzima. Weka wa 16, hasara inabaki theluthi ya volti.

Ufukweni, liache gari mbali. Gamba jeupe la magadi linaonekana gumu kama sakafu, chini yake kuna tope jeusi, na Cruiser yenye tela ikizama pale hakuna mti wa kufungia winchi. Tembea kwa miguu kuwaona heroe. Ziwa hili ndilo mazalio yao makuu Afrika Mashariki, na magari yanayokaribia yanawafukuza. Ukitaka kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Sonjo na Wasso, acha tela kambini Ngare Sero. Kona ni kali, mawe yamelegea, na 1HZ haina tabo ya kukusaidia. Itachemka kabla ya nusu ya mlima, na kurudi kinyumenyume na tela pale ni hatari kweli.

Ukirudi Arusha, osha chini ya gari na tela siku hiyo hiyo, kwa maji mengi, hasa ndani ya chasisi na kwenye plagi ya taa. Magadi yanakula shaba na chuma yakipata unyevu. Kisha vua habu tena, upanguse grisi ya zamani kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa ya kahawia na laini, rudishia mpya. Ikiwa ya kijivu kama maziwa, maji yaliingia, badilisha oili sili zote mbili. Ikimetameta vichembe vya chuma ukiigeuza juani, badilisha koni na kikombe vya upande huo, hata kama havijapiga kelele bado.